Nakuru, Kisumu au Kitale: Mstaafu Atulie Wapi?

Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akitimiza miaka 60, na malipo ya mkupuo huja mara moja tu. Ukiyazika kwenye ploti isiyokufaa, hakuna mengine yatakayokuja kurekebisha kosa. Ulinganisho huu ni wa mtu anayetoka Nairobi, Mombasa au Thika, ambaye hataki kodi za jiji tena, na ushago hapamtoshi: shamba limegawanywa hadi limebaki vipande, au hospitali iko mbali mno.

Miji mitatu hutajwa sana katika mazungumzo ya wastaafu wanaotazama upande wa magharibi: Nakuru, Kisumu na Kitale. Yote ina hewa inayokalika mwaka mzima, chakula cha karibu na mahali pa kutembea. Tofauti zake ndizo zinazoumiza mtu akishajenga.

Tunavyopima

Mambo sita, kwa uzito wake: mwili wako na hali ya hewa, hospitali, maji, ardhi, matumizi ya mwezi, kisha burudani na watu. Bei ya ploti haiko mwanzoni, na si kwa bahati mbaya. Ploti hununuliwa mara moja, lakini maji hunywewa kila siku, na safari ya hospitali huongezeka kila mwaka unaopita.

Hali ya hewa na mwili wako

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mchana huwa nyuzi 24 hadi 27, usiku hushuka hadi karibu 10 au 12. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine hurudi Agosti. Januari na Februari ni vumbi: udongo wa volkano ni mwepesi kama unga, na jina lenyewe la mji husemwa limetokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi. Mwenye pumu aipime miezi hiyo miwili kabla ya kitu kingine chochote. Malaria ni kidogo.

Kisumu iko mita 1,130 hivi, kando ya Ziwa Victoria. Mchana nyuzi 28 hadi 31, usiku 17 au 18. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya ziwa na radi hupiga kwa nguvu. Joto hili ni nafuu kwa mwenye baridi yabisi, maana viungo hulegea na asubuhi haziumi. Lakini ukitumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, joto hilohilo hukausha maji mwilini, ukisimama ghafla kichwa kinazunguka na unaanguka. Mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga, na hapo kustaafu kunageuka kulazwa. Kabla ya kuhamia Kisumu, mwambie daktari wako unakwenda kuishi kwenye joto ili aangalie upya kipimo cha dawa.

Kisha kuna malaria. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu zote za Kenya. Aliyezaliwa Nyanza lakini akaishi Nairobi miaka 35 asidhani kinga ya utotoni bado ipo. Kinga hiyo hupotea mtu asipoumwa na mbu wenye vimelea kwa muda mrefu. Weka wavu kwenye kila dirisha na kila tundu la hewa wakati wa ujenzi, kwa sababu baadaye hubaki maneno tu. Lala ndani ya neti yenye dawa mwaka mzima. Homa ikiingia, kipimo kifanyike siku hiyohiyo, si baada ya siku tatu za kumeza panado.

Kitale iko mita 1,900 hivi, na mvua yake ni msimu mmoja mrefu, kuanzia mwisho wa Machi hadi Oktoba au Novemba. Mchana ni kama Nakuru, bila lile vumbi, lakini Julai na Agosti kuna baridi yenye unyevu na matope mekundu yanayonata kwenye kiatu. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha, na hilo ni kweli kwa Nakuru pia. Malaria si ya kila siku, ila Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, imo katika nyanda za juu ambako mlipuko huweza kutokea baada ya mvua, hivyo neti hazitupwi.

Hospitali

Nakuru na Kisumu ziko karibu sawa. Nakuru ina hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi bado huiita kwa jina la zamani, PGH, pamoja na hospitali kadhaa za binafsi na za misheni. Kisumu ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita "Russia", na hospitali kubwa za binafsi ndani ya dakika chache kutoka katikati ya jiji. Kitale ina hospitali ya rufaa ya Wamalwa Kijana, lakini kesi nzito hupelekwa Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Hizo ni kilomita 70 hivi za barabara, usiku na mvua vikiwemo.

Usiridhike na jina la hospitali. Nenda dirishani uulize maswali manne: mashine za kusafisha figo ni ngapi na zinafanya kazi siku gani, daktari wa moyo huja mara ngapi kwa wiki, kipimo cha CT scan hufanyika hapo au nje, na nani hufanya upasuaji wa dharura usiku wa manane. Uliza pia ni huduma zipi kati ya hizo zinalipiwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, hapo hapo. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHIF imechukua nafasi ya NHIF. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa uwezo wa kaya yake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kadi ya mstaafu isipobadilishwa kutoka kwa mwajiri, hugunduliwa haifanyi kazi siku ya kulazwa. Lishughulikie mwezi wa kwanza.

Maji

Hapa ndipo Nakuru hudanganya macho. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Maji huonekana meupe na matamu kabisa. Floridi ndiyo iliyopaka watoto wengi wa eneo hili meno ya kahawia, na kwa mtu mzima anayekunywa kwa miaka mingi hukaa kwenye mifupa, viungo vikakakamaa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupaa, floridi hubaki, na kilichobaki kwenye sufuria ni kikali kuliko mwanzo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ploti yenye "kisima chake", chukua lita moja ya maji kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, uipeleke maabara ya maji na utaje kwamba unataka kipimo cha floridi. Wengi hupima vijidudu tu, wakipewa cheti wanafurahi. Kipimo kikizidi 1.5, una njia mbili. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo hufanya kazi vizuri hadi mkaa ushibe. Tarehe ya kuubadilisha isipoandikwa ukutani, husahaulika, na unakunywa floridi ukidhani umechuja. Njia rahisi zaidi ni paa.

Hesabu yake ni hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya mabati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita mraba 100, mahali panapopata milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 90,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki 72,000. Wazee wawili hutumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, yaani 7,300 kwa mwaka. Tangi la lita 5,000 lililojaa linawavusha siku 250, kiangazi chote na zaidi. Maji ya kisima yabaki ya kufua, choo na bustani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Kisumu ina ziwa mbele yake, lakini bomba haliendi kila mahali kwa nguvu sawa. Maji ya jiji husafishwa Dunga na Kajulu. Ukipanda vilima vya Riat, yanahitaji kusukumwa, na siku umeme ukikatika bomba hukauka. Tangi la lita 5,000 hadi 10,000 ni la lazima. Visima vifupi vya mitaa yenye watu wengi kama Manyatta na Nyalenda viko karibu mno na vyoo vya shimo. Hayo si maji ya kunywa, hata yakionekana safi.

Kitale maji si shida kubwa. Visima vya kuchimbwa kwa mkono ni vya kawaida. Hakikisha kisima kiko angalau mita 30 kutoka choo chochote, pamoja na cha jirani, na kiwe upande wa juu wa mteremko.

Ardhi na nyumba

"Hamsini kwa mia" ni futi mraba 5,000, pungufu kidogo ya thumuni ya ekari ambayo ni 5,445. Madalali huziita sawa. Peleka mpima ardhi akaonyeshe mawe ya mipaka kabla ya kulipa.

Kwa miji yote mitatu utaratibu ni mmoja: fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi, kwenye ofisi ya ardhi kwa nambari ya hati miliki, linganisha jina na kitambulisho cha muuzaji, dai idhini ya mke au mume wake kwa maandishi, kisha mkataba kwa wakili. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa saini. Kibali kikikosekana, mauziano ni batili hata kama ulilipa senti ya mwisho. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Uweke kando, wengi husahau.

Nakuru, epuka tambarare za upande wa ziwa. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limepanda na kumeza lango na ofisi za hifadhi, na nyumba za watu upande wa Mwariki na Barut. Udongo wa volkano nao hupasuka baada ya mvua kubwa, hasa juu ya mistari ya ufa inayokwenda kaskazini hadi kusini. Waulize majirani wanaokaa hapo zaidi ya miaka 10 kama waliwahi kuona shimo au ufa shambani, kwa sababu dalali hatakuambia. Kiamunyi, Ngata na Lanet hupendwa na wastaafu kwa kuwa mji uko karibu na ploti hazijabanana.

Kisumu, kitu cha kuogopa ni udongo mweusi unaonata. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na kuta hupasuka kwa mshazari kutoka pembe za madirisha. Kwenye ploti za bondeni lazima uchimbe uutoe wote hadi ufike chini kwenye udongo mgumu na kujaza changarawe, au ujenge juu ya zege la nondo linalokaa kama sahani moja. Msingi peke yake unaweza kumeza akiba ya bei nafuu uliyoifurahia. Tambarare za Kano kuna mafuriko ya Mto Nyando. Na Mei 2020 ziwa lilifikia kimo kilichofanana na kile cha 1964, likaingia kwenye mahoteli na makazi ya ufukweni. Riat ni mwamba, msingi wake ni imara, upepo wa ziwa unafika na mbu ni wachache kidogo, ila miteremko na ngazi si rafiki wa magoti.

Kitale udongo ni mzuri, mwekundu na mgumu, na pesa ileile hununua kipande kikubwa kuliko miji mingine miwili. Tatizo ni karatasi. Mashamba mengi ya Trans Nzoia yalinunuliwa na vikundi na makampuni ya wanachama, yakagawanywa, lakini hati miliki za mmojammoja hazikutoka. Ukiuziwa kwa cheti cha hisa au kwa barua ya chifu, umenunua nafasi kwenye foleni, si ardhi. Subiri hati au uende kwingine.

Popote ujengapo, nyumba iwe ya chini bila ghorofa, milango sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, na vyuma vya kushikilia bafuni. Mume na mke waandikishwe kwa umiliki wa pamoja usiogawika: mmoja akifariki, ardhi humwangukia aliyebaki bila kesi ya mirathi juu ya ploti hiyo.

Matumizi ya mwezi

Chakula ni nafuu kote, ila si kilekile. Kitale ni mahindi, maharagwe na maziwa. Gorogoro, kopo la kupimia mahindi, hushuka bei kuanzia Oktoba mavuno yanapoingia. Nakuru mboga hutoka Bahati na viazi Molo. Kisumu samaki ni wa karibu, omena hasa, lakini mboga nyingi husafiri kutoka nyanda za juu, na hilo huonekana kwenye bei.

Umeme huwashangaza watu. Kisumu, feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi. Nakuru na Kitale, hita ya bafuni ya kilowati 5.5 ikiwashwa dakika 10 kwa kila mmoja wa watu wawili hula karibu uniti 55. Baridi ni ghali kuliko joto, isipokuwa ufunge sola ya kuchemsha maji juu ya paa.

Usafiri: Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, mtoto anakuja Jumamosi na kurudi Jumapili. Kisumu ina uwanja wa ndege, chini ya saa moja hadi Nairobi, jambo la maana kwa mgonjwa anayehudhuria kliniki huko. Kitale iko kilomita 380 hivi kwa barabara, na uwanja mkubwa ulio karibu ni wa Eldoret.

Burudani na watu

Nakuru ina Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kilomita mraba 188 zenye uzio na vifaru ndani, mlangoni mwa mji. Heroe hawapo kwa wingi wa zamani kwa kuwa ziwa limejaa na maji kupoteza chumvi. Nenda kwa ajili ya vifaru na ndege wengine. Ukingo wa kreta ya Menengai ni matembezi mazuri ya asubuhi, mkiwa zaidi ya mmoja. Hyrax Hill, gofu, na safari za siku moja hadi Bogoria au Elementaita zinakamilisha. Kiswahili kinatosha kabisa.

Kisumu ndiyo yenye jioni nzuri kuliko zote. Dunga, jua linapozama nyuma ya mafunjo na mitumbwi inarudi, ni burudani isiyo na tiketi ghali. Wapenda ndege hupata humo aina ambazo hazionekani nje ya mafunjo. Panda mashua iliyo na boya la kuvaa kwa kila abiria, mbali na viboko, na usitie miguu kwenye maji ya pembeni kwa sababu ya kichocho. Kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa 1980, Hifadhi ya Swala, mwamba wa Kit Mikayi, soko la Kibuye Jumapili, benga na rumba. Kiswahili kinafanya kazi, lakini "oyawore", salamu ya Kiluo ya asubuhi, kwa jirani hufungua mlango haraka zaidi.

Kitale ni ya mtu wa miguu na jembe. Saiwa, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, yenye kilomita mraba 3 hivi, hutembelewa kwa miguu tu, juu ya vijia vya mbao na minara ya kutazamia nzohe, swala wa kwenye vinamasi. Mlima Elgon una pango la Kitum ambako ndovu huingia kuchimba chumvi. Makumbusho ya mji yana njia ndani ya msitu mdogo wa asili. Mji wenyewe hulala mapema, na aliyezoea Nairobi huweza kuhisi upweke kabla ya kupata kanisa, msikiti au chama chake.

Kwa hali yako

Mwenye figo, moyo au saratani akae Nakuru au Kisumu, ndani ya kilomita 10 za hospitali, hata kama itabidi apange nyumba badala ya kujenga. Kitale haimfai, na hewa yake nzuri haifupishi barabara ya Eldoret.

Mwenye viungo vinavyouma kwa baridi, na asiyekuwa na historia ya malaria kali, ajaribu Kisumu, akianzia Riat au Milimani. Mwenye pumu ya vumbi aiogope Nakuru ya Januari, aipime Kitale.

Anayetaka ng'ombe wawili, kuku na mahindi yake: Kitale. Panga karibu nusu ekari ya nepia kwa kila ng'ombe wa kufungiwa, na ujiulize nani atakayekata majani utakapofika miaka 75.

Mwenye watoto na wajukuu Nairobi watakaokuja mara kwa mara, Nakuru. Mwenye watoto ng'ambo, Kisumu, kwa ajili ya uwanja wa ndege.

Wawili wakitofautiana, mmoja akitaka shamba na mwingine hospitali, watazame pia Kakamega: kilomita 50 hivi kutoka Kisumu, ina hospitali yake ya rufaa na msitu wa mvua mlangoni, ingawa ploti ni ndogo na malaria ni ya ukanda wa ziwa.

Na kabla ya kununua popote, panga nyumba miezi ileile mibaya ya mji huo. Nakuru, Januari na Februari kwa vumbi na mgao wa maji, kisha Julai kwa baridi. Kisumu, Februari na Machi kwa joto, halafu Aprili hadi Juni kwa mbu na mafuriko. Kitale, Julai na Agosti, ukikaa kwenye ile barabara ya udongo ya ploti unayoitaka, uone kama gari la wagonjwa linaweza kupita.